Kitufe Kisicho na Matundu

Chumba chetu Wete kiko juu ya duka la dawa,
ngazi kumi na tatu, ya tisa imelegea.
Dirisha liko kushoto. Ndiyo maana
kila kitufe nilichowahi kukichora
kinapigwa na mwanga kwa juu, kushoto,
kama na mimi ninavyopigwa, asubuhi, kitini.

Bwana Shaame wa tiketi za boti anataka kitufe.
Anakitaka chekundu. Anataka kiwake, kizime, kiwake.
"Mtu akikiona tu, mkono umwashe."
Nikamwambia hiyo ni taa ya gari la wagonjwa;
abiria wako hawaumwi, wanakwenda Unguja.
Akacheka, akaacha elfu kumi ya kianzio,
akashuka na wekundu wake moyoni.

Nikafungua ukurasa mtupu:
pikseli mia na sitini kwa arubaini na nane,
uwanja wa upana wa vidole viwili.
Tabaka la chini, kijani.
Cha mwanzo kilifanana na milango ya hospitali, nikakifuta.
Cha pili kilikuwa cha chupa
iliyosuguliwa na mchanga hadi ikachoka kung'aa.
Hicho.
Juu yake weupe, unaofifia kadiri unavyoshuka.
Chini yake kivuli, nikakivuta pikseli mbili,
nikakitia ukungu kingoni.
Pembe nne nikazilainisha:
nani anapenda kuchomwa
na kitu alichoombwa akiguse?

Kikainuka.
Miaka sita niko kwenye kazi hii na bado sijui
vipi weusi kiduchu upande wa chini
humfanya mtu aamini kitu kina mgongo.

Nyuma yangu cherehani ikanyamaza.
Skuli zinafunguliwa Jumatatu,
mama ana mashati arubaini na moja, meupe, hayana vifungo.
"Ndiyo nini hicho?" Pini mdomoni.
Kitufe.
"Kifungo?"
Kitufe, mama.
"Mbona hakina matundu? Utakishonaje?"

Ana kopo la maziwa limejaa vifungo.
Kimoja ni cha shati la mjomba Faki,
alilorudi nalo nyumbani
alipomaliza kifungo cha miezi saba.
Lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili.

Nikamwonyesha hali ya pili, ya kubonyezwa.
Hapa sichori kitu kipya, nikamwambia, napindua tu:
kivuli nakipandisha juu, mwanga naushusha.
Rangi zilezile, na kitufe kinazama.
Akatazama kwa muda. "Kumbe ni mwanga tu,"
akasema, na pini moja ikaanguka.

Kisha akasoma nilichoandika juu yake: *Wasilisha*.
"Niwasilishe nini? Mimi karani?"
Nikafuta. Nikaandika *Endelea*.
"Mpaka wapi?"
Nikafuta. Nikaandika *Nikatie tiketi*,
kwa herufi nene, maana miwani yake iko kwa fundi
tangu mwezi wa Rajabu.
Hapo hakusema kitu. Kwa mama, hiyo ni sifa.

Nikaviweka kwenye simu, nikampa.
Akafuta kidole gumba kwenye kanga,
kidole chenye vitundu vya sindano
vingi kuliko vifungo vyote vya kopo,
akabonyeza.
Kijani kikazama pikseli mbili.
"Kimeingia," akasema,
kama asemavyo akijaribu shati kwenye kifua cha mtoto.

Akaishika simu bado. Akaigeuza, akatazama mgongoni,
akairudisha.
"Na cha kufungulia?"

Sikuwa nimekichora.
Bwana Shaame hakukitaja, wala mimi sikuuliza.
Mtu aliyefika Mkoani na mzigo wake
akapigiwa simu kuwa mtoto amepandwa na homa,
au akahesabu noti upya akakuta moja imepungua,
nilimkatia njia ya kwenda, ya kurudi nikaisahau.

Mama alisharudi kwenye mashati.
Nikafungua tabaka jipya.
Jua lilikuwa limeondoka dirishani,
ikabidi nikae kidogo, nikumbuke
mwanga ulikuwa unatokea upande gani.