Jeshi la Rangi ya Ufizi

Kundaeli huunda meno ya bandia, barabara ya Rengua,
ghorofani, juu ya duka la vipuri,
na Jumamosi mashine ikinyamaza
humimina majeshi kwa mabaki ya kazi:
akriliki ile ile ya ufizi,
hata zimwi lake la kutisha kuliko yote
huzaliwa na rangi ya mdomo wa mtoto anayelia.

Meza ni mlango wa bafu la zamani.
Kitasa bado kipo, tumekifanya mnara.
Vilima vimekatwa kwenye boksi jeupe la friji,
misitu ni dodoki lililochovywa kijani,
na mto ni vanishi
ambayo tangu Januari imekataa kukauka;
farasi akisimama humo hutoka bila kwato.

"Chagua," ananiambia. Wiki ya sita hii.
"Pointi mia tano. Chagua, Aikande, tunakungoja."

Nimewashika wote kiganjani.
Mifupa, wanaokufa wakaamka, nusu yao, dadu ikipenda:
hao ni wa Shose, muuguzi wa zamu ya usiku,
anasema hapa tu ndipo anaowapoteza hurudi.
Wapanda-fisi ni wa Ombeni, dalali wa mitumba Kiborloni,
hukupiga kabla hujamaliza kuitikia salamu.
Wachawi wana hesabu nyingi kuliko uchawi.
Na wapo watu wa mawe:
hatua inchi tatu, ngao hadi kidevuni,
hawakimbii kwa sababu hawajui namna.

"Hao ni wewe mtupu," akasema Shose.

Wanaijua kesi, wote.
Miaka saba ya kihamba cha mama, kule Kibosho,
baba wadogo wanne na mashahidi wa kukodi,
nami na bahasha moja ya kaki.
Kila tarehe niliwahi. Kila ahirisho nilitabasamu.
Nilikaa benchi lile lile mpaka likanijua mgongo.
Sikupaza sauti; walichoka wao.
Mmoja akafa, mmoja akahamia Kahama,
waliobaki wakasaini kwa kalamu yangu.

Mvumilivu hula mbivu.
Nilizila. Zilikuwa zimeiva kupita,
zinanuka pombe.

Sasa niwe ukuta hata Jumamosi?

Chini ya meza palikuwa na kopo la maziwa ya unga,
ndani yake vibwengo, waliomiminwa vibaya,
masikio yamepinda, wengine hawana pua,
mmoja ameota gego begani
siku kalibu zilipochanganyika.

"Hao? Hao ni takataka," akasema Kundaeli.
"Pointi tano kila mmoja, na kanuni yao mbaya:
kila zamu unarusha dadu.
Ikija moja, wanapigana wenyewe kwa wenyewe.
Mbili, wanakimbia.
Sita, wanavamia bila kukuuliza."
"Na katikati?"
"Katikati wanakutii. Kidogo."

Nikamwaga kopo. Sitini na wanane.
Thelathini na wawili atanimiminia kwa mkopo.

Mvua ya masika ilikuwa juu ya bati,
Ombeni amepanga fisi wake kama risiti,
nikarusha: sita.
Wakaenda! Mungu wangu, walivyokwenda,
bila mstari, bila mimi,
kumi na mmoja wakanasa kwenye vanishi,
wenzao wakawakanyaga migongo wakavuka,
na yule wa gego akamwangusha jemadari wa fisi
kwa dadu ambayo Ombeni aliiokota, akaipima mkononi,
akairudisha mezani bila neno.

Zamu ya nne nilikuwa sina mtu.
Nilicheka mpaka wa duka la vipuri
akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Kundaeli ananiuliza rangi: kijani? Kijivu cha kutu?
Nimemwambia aache.
Wabaki na ufizi wao hivyo hivyo,
kama watu waliofungua mdomo kwanza.