Chumba cha Viti Vibovu

Mimi ni mpokea simu tu,
lakini mpokea simu husikia mwanzo wa kila sentensi.
Miaka sita nimeketi hapa Duluth,
ghorofani, juu ya lililokuwa duka la viatu vya theluji,
dirisha langu likitazama ziwa lililoganda
na meli ya madini iliyochelewa kuondoka,
nikiwaambia watu: subiri.
Daktari wa dawa yuko Minneapolis.
Miezi minne. Mitano, kama bima yako ni ile ya kijani.
Subira huvuta heri, walisema wahenga,
hawakusema kamba yake ina urefu gani.

Orrin Kivela, mstaafu wa gatini,
alikuja kila Jumanne kwenye duara la viti vinane.
Alisema vizuri. Alisikiliza vizuri zaidi.
Na kila Jumanne alishuka ngazi zile
akiwa hajalala tangu Jumanne iliyopita.
Februari akaacha kuja.
Nilipiga simu, ikaita hadi ikachoka.
Siku ya tisa mkewe akapokea, yuko hospitali.
"Bado yu hai," akasema,
kama mtu anayetaja bei.

Ndipo Bernadine, mwenye kituo, akasema basi,
tuvitoe vile viti vibovu chumba cha mwisho.

Ungedhani amesema tubomoe ukuta.
Lowell Skogstad, miaka thelathini na moja kazini, sweta ile ile,
aliweka kikombe mezani polepole.
"Sisi si duka la vidonge. Hapa tunafanya kazi kwa maneno.
Akija mwenye dawa, nani atabaki alie?"
Hakuna aliyecheka.
Mimi pia niliogopa, ila hofu yangu ilikuwa ndogo:
fomu. Fomu za bima, fomu za jimbo,
kabati la kufuli mbili lililokataa kupita mlangoni,
mzani, na printa iliyotafuna vyeti vya dawa
kama mbuzi.

Mai Chou Lor alianza Aprili,
theluji ikiwa imebaki uchafu kando ya barabara.
Muuguzi wa akili, mwenye idhini ya kuandika dawa,
mfupi, raba miguuni.
Hakutundika shahada. Alitundika kalenda ya karakana ya mjomba wake.
Mgonjwa wa kwanza, kabla mlango haujafungwa,
nilimsikia akiulizwa: nani anakungoja nyumbani?
Nikaiwasha ile mashine inayovuma kama mvua
ili nisisikie zaidi.
Lowell alikuwa ukumbini, akitafuta miwani
iliyokuwa usoni mwake.

Sitasema kila kitu kilinyooka.
Dada mmoja alipata vidonge akaliacha duara, hata kuaga hakuaga.
Kijana mmoja alinenepa, akakasirika, akavitupa ziwani,
akarudi Jumatatu kuomba vingine.

Orrin alirudi Mei. Akasimama mbele ya meza yangu.
"Nimelala," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeokota pesa
na hajui amwulize nani.

Wiki tatu baadaye duara lilipovunjika,
Lowell hakwenda kuvaa koti.
Alipita mbele yangu hadi mlango wa mwisho, akagonga.
"Mikono yake inatetemeka. Kahawa ilimwagika.
Wewe unamwona dakika ishirini, mimi tisini.
Jumanne iliyopita haikutetemeka."
Mai Chou akafungua faili, akamsogezea kiti.
Kilikuwa kimoja cha vile vibovu, tulikisahau.
Lowell akakikalia hivyo hivyo,
ameinamia upande mmoja,
na wakakaa humo hadi taa za daraja zikawaka.

Dawa ya deni ni kulipa, hiyo naijua.
Ya usiku mrefu sijaisikia bado, si kwa neno moja.

Simu inaita. Mwanamke, sauti ya chini,
kama anaongea akiwa ndani ya kabati la nguo.
Nafungua kitabu.
"Alhamisi," namwambia.
Ananyamaza.
"Alhamisi ya mwezi gani?"
"Hii."