Jiwe Limo Kwenye Hati

Dalali Masalu alipanda Kapripointi mbele yangu,
viatu vimechongoka, anahema kama anayekwenda kuposa.
"Mama Lugata," akasema, "huku hawauzi nyumba.
Huku wanauza upepo. Nyumba unapewa nyongeza."

Nikahesabu nyongeza: vyumba vinne, stoo,
banda la gari, mkrismasi mmoja uliochoka,
na jiwe.
Jiwe kubwa kuliko nyumba, limekaa nyuma ya jiko
kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.
"Na hili?"
"Hilo limo kwenye hati. Mita za mraba ni mita za mraba, mama.
Mpima hapunguzi mlima."

Mwenye nyumba, mjane wa meneja wa pamba,
alinipa chai kwenye kikombe chenye kisahani,
akauliza biashara yangu. Nikasema samaki.
"Ah, samaki."
Si samaki hasa, nikasema, mabondo.
Akanusa, kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeanza mafua,
kisha akataja bei,
na bei yake haikuwa na mafua hata chembe.

Nililipa. Kwa mabondo yaleyale
ambayo zamani pale Kirumba tuliwatupia kongoti
mpaka wakaja wageni na mizani midogo kama ya dhahabu.
Mwenyekiti wa mtaa nikampa chake,
mwanasheria chake, mwenye muhuri chake,
nami nikapewa miaka tisini na tisa.
Nina hamsini na tatu. Sikucheka mbele ya ofisa.

Sasa ninakaa.
Ziwa liko pande tatu, ninalioga kwa macho.
Bombani, siku ya nne leo, inatoka pumzi tu.
Alfajiri boza linapanda kilima likinguruma,
na sisi wenye mandhari tunasimama getini,
khanga juu ya nguo za kulalia,
tunanunua kwa lita elfu kile tunachokitazama bure.
Hapo ndipo nilipowajua majirani. Hapo tu.
Kwingine ni kuta, na nyaya,
na mbwa wakali wa kuandikwa ukutani.

Wenyeji hasa ni pimbi.
Jua likichomoza wanatoka, ukoo mzima,
wanajianika juu ya jiwe langu,
hawana hati, hawana risiti ya kodi ya pango,
na kwa namna wanavyonitazama
ni mimi ninayetakiwa kujieleza.

Pasaka nilimleta mama kutoka Mabatini.
Miaka thelathini na moja ya nyundo,
alitusomesha kwa kokoto, debe kwa debe;
kidole gumba cha kushoto hakina ukucha.
Nikamwonyesha vigae. Vinateleza, akasema.
Nikamwonyesha choo cha ndani. Akauliza harufu inakwenda wapi.
Nikafungua pazia nikampa ziwa zima,
na meli ya Ukerewe ikiondoka.
Ziwa analijua, akasema.

Kisha akapotea.
Nilimkuta nyuma ya jiko, kiganja juu ya jiwe,
analizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.
Akaokota kijiwe, akagonga, akatega sikio,
akasogea hatua mbili, akagonga tena.
Pimbi wote kimya.
"Zima hili. Halina ufa. Tripu arobaini, na chenji."
"Mama, si la kupasua."
"La nini?"

Nikalitafuta neno. La kutazama, nilitaka kusema,
likanikwama kama mwiba wa sato.
"Limo kwenye hati," nikasema.

Usiku alikikataa chumba cha juu.
Akatandika kile cha jikoni,
dirisha lake linatazama jiweni.
Nilipopita kuzima taa nilimsikia gizani,
kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma,
anahesabu madebe.
Alifika mia mbili, akakosea,
akaanza upya.