Mgongano wa Maslahi

Marejeleo nimeyapanga kwa alfabeti,
mstari wa kipimo nimeuchora upya:
mikromita kumi, si kumi na mbili.
Vumbi la boriti laniangukia karatasini.
Nalipuliza. Nakumbuka. Nalikusanya kwa wembe.

Mkomani, nyumbani kwa shangazi Mwanatumu,
mikoko ya dari imetoboka,
na kuvu, masikio meupe,
inakua juu ya kitanda alichozaliwa baba.

"Ipake mafuta ya taa, ife," asema,
ungo kichwani apitapo.
Namwomba: bado, hadi mhariri ajibu.

Saa saba usiku, jarida lauliza la mwisho:
mwandishi ana mgongano wowote wa maslahi?

Juu, kitu chatafuna bila haraka.

Naandika: Hakuna.
Nafuta.
Naandika: Nalala chini yake.