Kampuni Haifiwi

Nilimlipa laki tatu: nusu mkononi, nusu baada ya msimu.
Akashuka Newala na begi la kompyuta
na viatu vyeupe; vumbi jekundu
likavipokea kabla yangu.

Hakugusa korosho. Aliomba daftari.
Sikuwa nalo. Nilikuwa na kichwa,
na kopo la mafuta ambamo pesa ya kuni,
ya chumvi, ya ada ya Mwanahiba,
zililala kitanda kimoja.

"Mshahara wako wewe ni shilingi ngapi?"
Nikacheka. Wabanguaji wangu wakacheka,
vidole vyeusi kwa utomvu wa ganda.
Yeye hakucheka.

Akachora mstari katikati ya ukurasa:
huku Somoe, huku kampuni.
Vipande vikatengwa na nzima,
kila kilo ikapita mizanini,
kikaandikwa hata kiberiti.

Siku ya tisa kidole chake kikasimama:
rambirambi, elfu ishirini.
"Hii ya nani?"
Ya shangazi, Kitangari.
Akaikata, akaihamishia upande wangu.
"Kampuni haifiwi," akasema.

Nilimchukia wiki nzima. Nikatii.
Machi nikanunua mashine ya kufungia mifuko
bila kumpigia mtu magoti.

Juni ikaja simu: mama yake, Mikindani.
Nikapanda basi la alfajiri,
nikakaa mkekani na wanawake nisiowajua,
nikamenya vitunguu vya watu mia.

Niliporudi nilifungua daftari,
nikautazama ule mstari wake ulionyooka,
nikaandika, upande wa kampuni:
rambirambi, elfu hamsini.

Mwisho wa mwezi anakuja kukagua.
Sijui kama ataikata.