Mnanaa Haujui Ua

Theluji imeteremka mlimani kwa miguu ya maji.
Usiku kucha naisikia mferejini,
inaburuta mchanga, inanung'unika
kama mgeni aliyekosa kitanda.
Asubuhi natia kiwiko udongoni.
Mama alinifunza hivyo: kiganja kimezoea, kinadanganya;
kiwiko hakijui kazi, kinasema kweli.
Bado baridi. Ngoja.

Nangoja, lakini mikono haingoji.
Giligilani naipitishia chupa tupu ya divai,
polepole, kila punje ipasuke mbili, isipondeke.
Rihani ya zambarau imeshaota dirishani
katika vikombe vya maziwa mgando,
miche hamsini na mitatu, yote imeinamia kioo
kama abiria wanaotafuta jina la kituo.
Gocha anapiga simu kutoka Polandi
anakofungasha matufaha ya watu.
Haulizi mgongo wangu. Anauliza, "Tarkhuna imetoka?"
Imetoka, mwanangu. Urefu wa vidole vitatu.
Nasogeza simu karibu na jani, eti anuse.

Sasa habari ya ua.
Ua huu wa mbao aliujenga Mzevinar, wifi yangu,
mwaka aliokufa kaka yake, mume wangu.
Alikuja mpimaji na futi yake ya chuma
akatukatia shamba kama kitambaa:
huku hatua arubaini, kule arubaini na moja.
Kwa hatua hiyo moja tumenuniana miaka tisa.
Kanisani anageukia ukuta. Sokoni Kutaisi
vifungu vyetu vya shibiti vinalala meza moja,
sisi hatusalimiani.

Lakini mnanaa haujui ua.
Unapita chini, gizani, kwa mizizi yake myeupe,
bila kibali, bila shahidi,
na kila Aprili unachomoza kwake, katikati ya vitunguu.
Naye kila Aprili huung'oa, huujaza ndoo,
huimwaga ndoo juu ya mbao, kwangu,
bila neno.
Mimi naupanda tena. Palepale. Kandokando ya ua.
Sikusema mimi ni mtu mwema.

Mwaka huu miplamu ilichanua kwa pupa,
matawi yakaegemea mbao, ua juu ya ua,
nami nikaamini. Nikaihamisha rihani nje, yote.
Usiku wa tatu nyota zikawa nyingi kupita kiasi
na mbwa akakataa kutoka.
Sakitu, nikajua, ile chumvi inayoshuka bila mawingu.
Nikatoka na taa na chochote cha kufunika:
mashuka, magunia, pazia la sebuleni,
koti la marehemu.
Nikafunika matuta manne. La tano likabaki wazi
nami nimebaki na kitambaa cha kichwani.

Ng'ambo taa nyingine ilikuwa ikitembea.
Ikasimama.
Kisha kitu kizito kikaruka mbao, kikanipiga begani:
blanketi la sufu, linanuka kabati na lavenda,
na sauti (nilikuwa nimesahau ina mkwaruzo):
"Ncha zake ziwekee mawe. Alfajiri kutakuja upepo."

Nikaziwekea mawe.
Upepo haukuja.

Leo kiwiko kimesema haya, anza.
Nimepanda uwatu, figili, maharage ya kutambaa.
Miche arubaini na minane ya rihani iko hai;
mitano imeungua, myeusi kama tambi za taa.
Blanketi nimelifua, limekauka, nimelikunja,
nikaliweka juu ya ua juzi.
Jana lilikuwepo. Leo lipo, lina umande.
Ila chini yake, upande wangu,
nimeikuta ndoo, imewekwa, haikumwagwa,
ndani mnanaa.
Nusu tu.