Tunangoja Hewa

Ilikuwa baiskeli ya mjomba, Foniksi ya zamani,
usukani umevuka mpira, chuma kitupu,
na nyuma tenga la machungwa ya Muheza.
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, kuna shimo
analolijua kila mtu
isipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja anayemkwepa mbuzi.

Mbaruku aliinuka, akajipangusa, akahesabu machungwa.
Yamepungua mawili.
Tumbo hakulihesabu.

Siku ya pili alikunywa uji, akautapika.
Siku ya tatu mama yake, Mwanakheri, akamleta Bombo.
Juu ya kitovu, duara moja dogo la buluu,
kama mtu amegonga muhuri
kwenye barua ambayo hajaisoma.
Nikagusa. Gumu kama mlango.

Picha ikatoka. Daktari Shemhilu akaiinua dirishani:
chini ya kiwambo, upande wa kulia, ukanda mwembamba mweusi.
"Hewa hii," akasema, "haina ruhusa ya kuwa hapa."
Mhina, mtu wa usingizi, akanong'ona: mwezi umeandama.
Mama akasikia. Akauliza, "Ni heri?"
Tulikuwa tumeshaanza kusukuma kitanda.

Miaka kumi na tisa nampa mtu mwingine sindano ashone.
Sijazoea ule wakati tumbo linapofunguka
na harufu inatangulia kusema.
Shemhilu anautoa utumbo, anaukagua pima kwa pima,
mkono mmoja unapokea, mwingine unaachia,
kama baba yangu alivyokagua kamba ya katani, Ngomeni,
akitafuta pale nyuzi zilipochoka.

Tundu hili hapa. Ungepitisha punje ya kunde.
Nanyoosha mkono na uzi.
"Bado," anasema. "Tundu moja ni nusu ya habari."
Tunarudi mwanzo.
Na kweli, la pili limejibanza nyuma, kwenye mkunjo wa mafuta,
mahali ambapo mtu mwenye haraka
angeona usiku umeingia, akafunga.

Anakata kingo zilizokufa mpaka damu nyekundu ijibu.
Anashona kwa upana, si kwa urefu:
ukifuata urefu, unaibana njia uliyokuja kuiokoa.
Fundo likikaza, nyama inakufa.
Likilegea, linavuja.
Mama yangu alinikaripia hivyo hivyo juu ya ukili,
nami nilidhani ni habari ya mikeka.
Kisha maji ya chumvi, ya vuguvugu, lita saba,
mpaka yatoke kama yalivyoingia.

Baada ya hapo, kilichobaki ni ushuzi.
Nisameheni, ndilo neno lenyewe.

Kila asubuhi daktari haulizi umeamkaje.
Anauliza, "Umetoa hewa?"
Mbaruku anatazama ukuta.
Amelelewa huyu; ameshakula kofi kwa jambo hilo,
mkekani, mbele ya wageni, sikukuu ya Idi.
Hapana, siku ya kwanza. Hapana, ya pili.
Mrija wa puani unatoa kijani.
Naweka kipimo tumboni, nasikiliza:
kimya cha nyumba waliyohama.
Wodi nzima inajua. Kitanda cha sita, mwenye ngiri,
anauliza kabla hajajibu salamu.

Siku ya nne, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri,
sijakabidhi zamu,
ikaja: ndogo, ya woga,
ikijaribu kupita bila kutambuliwa.
Mwanakheri alikuwa amesinzia kitako. Akafumbua macho.
"Nani huyo?" kwa ile sauti ya nyumbani.
"Mimi," mtoto akasema,
na bega likapanda kulikinga shavu.

Kigelegele chake kiliwaamsha wazazi wa wodi ya pili.
Kitanda cha sita akacheka akishika mshono wake, akilia kwa maumivu.
Nikaandika kwenye faili: ametoa hewa.
Safu ya kuandikia mengine haikuwapo.

Jioni nikampa kijiko cha kwanza cha maji.
Akameza taratibu, akaniita nisogee,
akaniuliza kama mjomba
ameshajua habari ya yale machungwa mawili.